Uso Una Mwenyewe

Asubuhi ya Kahama huanza na honi. Malori yanayotoka Isaka kwenda Rwanda huanza kupita jogoo wakiwa bado wanawika. Hosiana alishazizoea kelele hizo. Aliamka, akafagia uwanja, akachemsha chai, kisha akaketi mbele ya kompyuta yake, karibu na dirisha. Hapo ndipo palikuwa ofisi yake. Hakuwa na bosi, wala hakuwa na mlango wenye kibao. Alitengeneza mabango ya maduka, kadi za harusi, nembo na vipeperushi. Mtaani walimwita fundi mabango.

Mama yake alikuwa akichambua dengu kibarazani. Kazi ya binti yake hakuielewa vizuri mpaka leo.

"Mwenzako analima, mgongo unamuuma," alisema. "Wewe unakaa, na mgongo unakuuma. Sasa wewe umelima nini?"

"Nimelima macho ya watu, mama," Hosiana alijibu.

Dada yake Lusia alicheka. Lusia alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za harusi yake mwenyewe. Alikuwa ameposwa na Festo, fundi pikipiki wa Ushirombo. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekubaliwa. Padri alikuwa ameshaanza kutangaza ndoa kanisani. Kilichobaki ni siku tu.

Wateja wa Hosiana walikuwa na vituko vyao. Asubuhi hiyo alikuja Magesa, dalali wa dhahabu, akitaka bango la duka lake.

"Weka simba," Magesa alisema. "Weka na dhahabu. Na sururu. Na bendera. Halafu picha yangu hapa katikati."

"Baba, anayepita na pikipiki anasoma maneno matatu tu. Ukimpa simba, dhahabu, sururu na bendera, ataondoka na vumbi."

Magesa alifikiri. "Basi toa bendera. Simba abaki."

Ndivyo walivyo. Mmoja anataka maandishi mekundu juu ya kijani. Mwingine anasema, "Hii ni kazi ya dakika tano tu," kana kwamba yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti. Lakini Hosiana alikuwa na misimamo yake, na hakuiacha njiani. Alisema kazi nzuri ni ile unayoipunguza mpaka inabaki na haja yake. Alisema pia kwamba macho ya mtu hutafuta macho ya mtu. Weka sura ya mtu kwenye bango, na mpita njia atasimama.

Msimamo huo ni wa kweli. Na ndio uliomwingiza shimoni.

Ilikuwa hivi. Kaka mmoja aitwaye Davis, msimamizi wa mradi wa afya, alikuwa amempa kazi. Alitaka bango la kifua kikuu, la kutundikwa njia nzima ya wachimbaji, kuanzia Kahama mpaka Ushirombo na kuelekea Geita. Wachimbaji wengi wanakohoa na hawaendi kupimwa. Bango liwaambie kwamba ugonjwa huo unatibika.

"Nataka sura ya mtu wa hapa," Davis alisema. "Siyo zile za mtandaoni. Zile watu wanaziona kama matangazo ya dawa ya meno."

Hosiana alitafuta kwenye simu yake. Akaiona picha ya Lusia, siku ya Pasaka, amevaa kitenge cha njano, anacheka. Ilikuwa picha nzuri, yenye mwanga mzuri. Aliiweka kwenye bango, na pembeni akaandika maneno matatu makubwa: NILIUGUA. NIKATIBIWA. NIMEPONA. Chini yake akaandika habari ya kifua kikuu.

Davis aliliangalia akafurahi. "Huyu amekubali?"

"Ni dada yangu," Hosiana alisema.

"Ah, basi."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Hosiana hakuona kosa lolote. Yeye na Lusia walikulia kitanda kimoja, wakala sahani moja, wakavaliana kanga na viatu. Nani huomba ruhusa kuvaa kanga ya dada yake? Aliona uso wa Lusia ni wa nyumbani, kama sufuria. Akatuma kazi, akasahau.

Siku zilipita. Adhuhuri moja, Mzee Telesphori aliingia uwanjani.

Mzee Telesphori ndiye aliyekuwa mshenga wa upande wa Festo. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kahawia isiyotoka kichwani. Ushirombo nzima humtuma yeye kwenda kuposa, kwa sababu ana utani na hakasiriki. Kila alipokuja, alimsalimia Mama Hosiana kwa Kisukuma kibovu, maana yeye alikuwa Msumbwa, na mama alimcheka mpaka machozi.

"Mwadila, mzee," mama alimwamkia kwa Kisukuma, kwa furaha.

"Habari za hapa," alijibu mzee, kwa Kiswahili.

Mama alimtazama. Lusia na Hosiana walipiga goti, wakasema shikamoo. "Marahaba," alisema, lakini macho yake hayakukaa kwa Lusia. Mama alimletea maji ya kunywa. Mzee aliipokea bilauri, akaiweka chini bila kuonja.

Hapo kila mmoja alijua. Mshenga akiweka maji chini, ana neno zito.

"Mama Hosiana," mzee alianza, "mimi ni mdomo tu. Waliofikiri ni wengine. Wazee wamesema tusimame kwanza."

"Tusimame wapi, baba?"

"Hapa tulipo. Ng'ombe wasitoke, na siku isitajwe." Alikohoa kidogo, akafuta mdomo. "Tumemwona bibi harusi wetu stendi ya Ushirombo. Yuko juu ya nguzo, mkubwa kuliko mlango. Anasema aliugua kifua kikuu. Sisi hatukuambiwa. Wazee wanauliza, kama hilo lilifichwa, ni mangapi mengine?"

Cherehani ilinyamaza. Lusia alisimama polepole.

"Mimi? Nimesema mimi?"

"Ni wewe, binti yangu. Kitenge cha njano. Unacheka."

Lusia hakumtazama mzee tena. Aligeuka akamtazama dada yake. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumtupia Davis lawama zote. Lakini kitenge kile kila mtu nyumbani alikijua, na simu iliyopiga picha ile ilikuwa mkononi mwake.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyelitengeneza hilo bango. Lusia hajawahi kuugua. Niliichukua picha yake nikaandika maneno."

"Maneno ya nani?" Lusia aliuliza.

"Yangu."

"Kwa hiyo umeniuguza, ukanitibu, ukaniponya, mimi nipo hapa nashona."

Mtu mwingine angecheka. Hakucheka mtu.

"Nilidhani..." Hosiana alianza. "Wewe ni dada yangu."

"Ndiyo maana ungeniuliza. Mlango wangu na wako ni pazia tu. Ungefunua pazia ukauliza."

Mama alikuwa ameshika kichwa. "Mayu wee. Nilisema mimi, kazi hii ya kukaa ina kitu ndani yake." Kisha akasimama kwa haraka. "Subiri, mzee. Usiondoke. Nakuletea mtu anayeyajua magonjwa yote ya mtaa huu."

Akavuka uwanja kwenda kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Theopista, mhudumu wa afya ya jamii. Kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba, kuwauliza watu wanaokohoa, kuwasindikiza kupima, na kufuatilia kama wanameza dawa. Alikuja na mikono yenye unga, maana alikuwa anasonga ugali.

"Mwambie mzee," mama alimsihi. "Mwambie Lusia ni mzima. Hana doa."

Theopista aliketi. Alilisikiliza jambo lote kwanza, tangu mwanzo. Kisha akasema, "Lusia hajawahi kuwa mgonjwa wangu. Kama anaruhusu niseme hivyo, nasema."

"Naruhusu," Lusia alisema.

"Basi ndivyo ilivyo. Lakini hilo la doa sitalisema, mama. Nina wagonjwa mtaa huu waliomeza dawa mpaka mwisho, wakapona. Nikisema Lusia hana doa, nao nimewaambia wana doa. Kesho nani atanifungulia mlango?"

Mzee Telesphori aliinua uso. "Kwani siyo doa?"

"Ni ugonjwa, mzee. Kama malaria ilivyo ugonjwa."

"Wanasema ni wa ukoo. Au mtu amelogwa."

"Hapana. Ni vijidudu. Mgonjwa ambaye hajaanza dawa akikohoa, vinaingia hewani. Mwingine akivuta hewa hiyo, anaweza kuambukizwa. Chumba kisicho na dirisha ni kibaya zaidi. Na vumbi la mashimoni linachosha mapafu, ndiyo maana wachimbaji wanaugua sana."

"Mtu anajuaje?"

"Kikohozi cha wiki mbili au zaidi. Kukonda. Homa za jioni. Kutoka jasho usiku mpaka shuka linalowa. Ukiona hayo, usingoje. Nenda kituo cha afya, watapima makohozi. Kwenye vituo vya serikali, kipimo na dawa ni bure."

Mzee alikuwa amesogea mbele kwenye kiti. "Na akishapona, akalala nyumba moja na mke wake?"

"Alale. Akianza dawa na akazimeza vizuri, baada ya wiki chache kwa kawaida haambukizi tena. Lakini asiziache kwa sababu amepata nafuu. Amalize miezi yote aliyopangiwa, kwa wengi ni sita. Akiacha katikati, ugonjwa unarudi na ubishi, na dawa zilezile huenda zisiuweze tena."

"Na wajukuu? Akiwapakata?"

"Awapakate, mzee. Aliyepona amepona."

Lori lilipita barabarani, likapiga honi, likaenda zake. Kisha mzee akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akavua kofia. Akaiweka gotini.

"Mimi nilizimeza dawa hizo," alisema. "Miezi yote."

Theopista alisogeza kiti chake karibu naye.

"Nilikuwa mashimoni miaka mingi, kabla ya ushenga huu. Nikaanza kukohoa. Ushirombo dawa zilikuwepo, lakini nani angenificha? Nikaenda Kolandoto, mbali, kwa ndugu. Nilikaa huko nikitibiwa hospitali mpaka nikapona. Nyumbani niliaga kwamba naenda kununua ng'ombe."

"Miezi yote hiyo?" mama aliuliza.

"Miezi yote. Nikarudi bila hata mkia wa ng'ombe. Wakasema Telesphori kalewa mtaji. Nikakubali. Afadhali mlevi kuliko mgonjwa wa kifua." Alitabasamu kidogo. "Mpaka leo mke wangu akikasirika, ananiuliza, 'Wale ng'ombe wako wakoje?'"

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuzuia, ikashindikana. Theopista akafuata, na Lusia naye, huku anafuta macho. Mzee mwenyewe alicheka mwishoni.

"Sasa nikatumwa nije kumkataa binti wa watu," alisema. "Kwa ugonjwa wangu mimi. Njia nzima nimekaa kwenye basi, bango lile linanitazama. Nipe yale maji, mama."

Alikunywa bilauri nzima. Mama alikaa chini kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Lakini Lusia alikuwa bado amesimama. "Mzee amemaliza. Mimi bado," alisema. "Bango langu liko stendi. Kila anayeshuka basi ananisoma."

Hosiana alimpigia Davis palepale, sauti ikiwa wazi wote wasikie.

"Kaka Davis, lile bango la kifua kikuu lishushwe. Mabango yote, njia nzima. Yule aliye kwenye picha hakuulizwa."

"Lakini ulisema ni dada yako."

"Nilisema hivyo. Wewe uliuliza nusu, mimi nikajibu nusu. Mwenye uso hakuulizwa na yeyote."

Davis alivuta pumzi. Alisema mabango yameshatundikwa, vibali vimeshapatikana, wakubwa wameshapiga picha wakapeleka ripoti. Hosiana alimsubiri amalize.

"Yule siyo mgonjwa, kaka. Wachimbaji wakijua tumewadanganya na sura, dawa nayo wataiona uongo. Na kuna sheria sasa inayolinda taarifa za mtu. Uso wake ni taarifa yake."

Kisha Davis akasema, "Niombee radhi kwa dada. Nitawatuma vijana leo."

Hosiana aliweka simu chini. Akamgeukia Lusia, akapiga goti kama anavyompigia mtu mzima.

"Nisamehe. Nimekutumia kama kitu cha nyumbani."

"Simama, usichafue sketi," Lusia alisema. "Nitakusamehe polepole. Leo nimeanza."

Theopista alipoona pamepoa, akasema, "Kazini kwetu tulifundishwa namna ya kuomba. Hata mimi nilikuwa sijui. Unamwambia mtu picha ni ya nini. Unamwambia itatundikwa wapi, na nani wataiona. Unamsomea maneno yatakayokaa kando ya uso wake. Unamwambia anaweza kukataa, na huduma yake haitapungua. Kisha unampa nafasi akafikiri nyumbani. Mtu akikubali mbele yako kwa aibu, hiyo siyo ruhusa."

"Na akishakubali?" Hosiana aliuliza.

"Anaweza kubadili nia. Bango unalishusha. Ila mwambie ukweli, picha iliyokwisha kuingia kwenye simu za watu hairudi yote."

Hosiana alitikisa kichwa taratibu. Alifikiria sura zote alizowahi kuzichukua: wanakwaya, bibi wa sokoni, mtoto mwenye kikombe cha uji. Hata mmoja wao hakuwahi kumfunulia pazia na kumuuliza.

"Sasa mradi umebaki bila sura," mama alisema. "Wachimbaji waendelee kukohoa?"

Mzee Telesphori aliizungusha kofia yake gotini. "Kwani mimi sina sura?"

Hosiana angeweza kuinyanyua simu wakati uleule. Mwanga ulikuwa mzuri, na uso wa mzee ulikuwa na mikunjo ambayo kila fundi wa picha huitamani. Mkono ulimwasha. Akauzuia.

"Mzee, itatundikwa stendi ya Ushirombo. Watoto wako watapita hapo. Waliokuita mlevi watapita hapo."

"Najua."

"Maneno yatasema uliugua kifua kikuu. Unaweza kukataa sasa, au kesho, au siku ya kutundika. Nenda kwanza nyumbani, umwambie mama wa watoto wako."

"Hilo la mama ndilo gumu," mzee alisema. Akavaa kofia yake, akaaga kwa Kisukuma kibovu, na safari hii mama alicheka mpaka getini.

Jumapili baada ya misa alipiga simu. Alikuwa amemwambia mke wake. Mama yule akamwambia, "Ningekupikia uji. Hukuniona mtu?" Hapo mzee aliumia kuliko siku zote za dawa. Halafu wakaenda pamoja mbele ya wazee. Mzee alieleza habari ya Lusia, akaeleza na yake. Wazee walitazamana. Wa kwanza kusema alikuwa baba mdogo wa Festo, yule aliyeshikilia kwamba posa ivunjwe. Hakusema habari ya posa. Aliuliza, "Hicho kipimo cha makohozi, wanapima siku gani?" Alikuwa anakohoa tangu mavuno.

Alipelekwa kituo cha afya kesho yake. Kweli alikuwa na kifua kikuu. Alianza dawa, na waliokuwa wakilala nyumba moja naye wakapimwa wote. Siku ya ng'ombe ikatajwa tena.

Festo naye alikuja Kahama kwa pikipiki, kuomba radhi. "Mimi nilisema ningekuoa hata kama uliugua," alimwambia Lusia.

"Ulisema kwa nani?"

"Kwa wazee."

"Ungenipigia mimi simu," Lusia alisema. "Nyie wote mna ugonjwa mmoja. Hamuulizi." Lakini alimkaribisha chai, na kikombe kilikuwa kile kizuri.

Mzee Telesphori alikuja kupigwa picha akiwa na mke wake. Hosiana alimsomea karatasi ya ruhusa neno kwa neno, na mzee akasahihisha maneno ya bango mwenyewe. Alitaka yawe hivi: NILIKOHOA. NIKAJIFICHA. NIKATIBIWA. NIPO.

"Hilo la kujificha liache," alisema. "Wakilisoma wanaojificha watajua nawaita wao."

Hosiana alikiri kimoyomoyo kwamba yeye asingeliandika hivyo. Akamwonyesha kazi ilipokamilika, kabla haijachapwa. Mzee aliitazama sana.

"Nzuri. Sasa weka na ng'ombe."

"Mzee, bango halitaki vitu vingi."

"Mmoja tu. Pale nyuma. Ndiye niliyekwenda kumnunua."

Mke wake alicheka mpaka akajishika mbavu. Hosiana alikuwa na msimamo wake kuhusu vitu vingi kwenye bango. Lakini uso ulikuwa wa mzee, na hadithi ilikuwa ya mzee. Akamweka ng'ombe nyuma, mdogo, mweupe.

Siku ya harusi walikwenda Ushirombo kwa magari mawili. Karibu na stendi Lusia aliomba dereva apunguze mwendo. Palepale alipokuwa yeye, sasa alikuwa Mzee Telesphori, mkubwa kuliko mlango, kofia mkononi. Wachimbaji wawili wenye vumbi walikuwa wamesimama chini yake. Mmoja alikuwa akimsomea mwenzake kwa sauti, taratibu, neno moja moja. Wakafika kwa ng'ombe, wakabishana anatafuta nini pale.

"Amewasimamisha," Hosiana alisema.

"Huyo ng'ombe wake ndiye amewasimamisha," Lusia alijibu.

Walipofika kanisani, Lusia alishuka. Upepo ulimwinulia shela, jua likampiga usoni, naye akacheka, kama alivyocheka Pasaka ile. Hosiana aliinua simu. Kisha akaishusha.

"Nipige?" aliuliza.

"Ya nini?"

"Ya ukuta wa mama. Pale juu ya saa. Haitoki nje ya nyumba."

"Maneno gani pembeni?"

"Hakuna maneno."

Lusia alijiweka sawa, akanyoosha shela.

"Haya, piga," alisema.